Naombeni msaada: kupiga picha bahari iliyochafuka huku Mtwara, niende wapi na saa ngapi?

kutoka_masasi

Habari za muda huu wadau. Mi nakaa Masasi, bahari naiona nikishuka Mtwara tu, sasa mwezi wa saba nina likizo ya wiki nzima na nataka niitumie yote kwa kitu kimoja, picha za bahari iliyochafuka. Simaanishi zile za mnazi na maji ya bluu, zile ziko nyingi na kila mtu anazo. Nataka wimbi linapiga jiwe, povu linaruka juu, nyuma yake wingu jeusi limetanda na mwanga umepenya pembeni. Picha za namna hiyo naziona sana za Ireland na Iceland, nikitafuta za Mtwara nakuta maji yametulia tu, sasa najiuliza hivi bahari yetu haichafuki kweli au watu hawaendi muda wake?

Nina kamera ya kubadilisha lenzi, lenzi mbili, 18-55 na ile ndefu 55-250, tripodi ninayo ila nyepesi, filta (vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi) sina hata moja. Nachouliza ni sehemu gani mawimbi yanafika kwenye mawe, saa ngapi, na shata (kasi ya kamera kufunguka na kufunga) niweke ngapi. Kama mwezi wa saba sio wenyewe niambieni mapema nisogeze likizo. Lindi pia nipo tayari kwenda. Natanguliza shukrani.

mtoto_wa_shangani

Karibu mkuu. Usisogeze likizo, mwezi wa saba ndo penyewe. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, linaanza kuvuma mwezi wa nne hivi, likifika wa sita na wa saba limekaza, na ndo kipindi Mamlaka ya Hali ya Hewa wanatoa sana zile tahadhari za upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 ukanda wa pwani ya kusini. Ukiona tahadhari hiyo imetoka wavuvi wanavuta vyombo juu, we unachaji betri.

Ila tuelewane kwanza kuhusu hiyo Ireland. Wenzetu wanapokea mawimbi ya Atlantiki nzima, hakuna kitu mbele yao. Sisi kusini mashariki, kule kusi linakotokea, kuna Comoro na nyuma yake Madagascar imelala ndefu, kwahiyo yale mawimbi makubwa ya bahari ya mbali ya kusini mengi yanaishia huko. Tunayopata huku mengi ni ya upepo wa kusi wenyewe, mafupi, yanafuatana harakaharaka. Mita 2 sio wimbi la kudharau hata kidogo lakini ukilipiga ukiwa umesimama wima na lenzi pana linaonekana dogo, ndo maana unaona "maji yametulia". Chuchumaa, kamera iwe usawa wa goti, tumia hiyo 55-250 kutoka mbali, wimbi litapanda juu ya mstari wa upeo na utaliona lilivyo.

Sasa kitu ambacho watu wa bara huwa hawaambiwi, na kwangu mimi hiki kinazidi kamera na lenzi zote: angalia maji kabla hujaangalia mawingu. Pwani yetu karibu yote imezungukwa na mwamba. Wimbi linavunjika likikuta kina kinachokaribia urefu wake, la mita 2 linavunjika kwenye maji ya kama mita 2 na nusu. Maji yakipwa, huo mwamba wa nje unakuwa karibu na uso wa bahari kwahiyo mawimbi yote yanaishia kule mbali, we ufukweni unabaki na vidimbwi na akina mama wanatafuta pweza. Maji yakijaa mwamba unazama, wimbi linapita juu yake linakuja kupasukia kwenye mawe ulipo. Ni jiwe lilelile, siku ileile, saa sita zimepita tu, lakini ni bahari mbili tofauti.

Na ujazo hauko sawa mwezi mzima. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa huku inapita mita 3. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanacheza kidogo tu na picha unayoitaka hutaipata hata kusi livume vipi. Uzuri wa kwetu ni kwamba bamvua lina saa zake hazibadiliki sana, siku ya mwezi mpevu yanajaa kwenye saa 10 alfajiri na tena saa 10 alasiri na kitu, kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwahiyo siku ya pili ya tatu baada ya mwezi mpevu unakuta maji yamejaa kwenye saa 12, asubuhi na jioni, pamoja na jua kuchomoza na kuzama. Maji mafu yanajaa saa 4 au saa 5 mchana, jua liko juu, mwanga mkali mweupe. Panga likizo kwa kalenda ya mwezi basi, mambo mengine yatafuata.

picha_na_mwanga

Mtoto wa Shangani kamaliza upande wa maji, mi naomba niongezee mwanga maana hapo ndo nakerwa sana. Kila mtu anaambiwa "nenda jua likizama", ushauri umetoka kwa watu ambao bahari yao iko magharibi. Yetu iko mashariki! Jua linazama nyuma yako huko nchi kavu. Watu wanaona hiyo ni bahati mbaya, mi naona ni zawadi kubwa na tunaipoteza bure.

Fikiria hivi, ni saa 10 na nusu alasiri, jua liko mgongoni kwako limeshuka, mbele yako baharini wingu la mchoo, zile mvua nyepesi za kipindi cha kusi, linakuja na upepo, jeusi tii. Jua linapiga wimbi na povu moja kwa moja, linawaka jeupe na lile tumbo la wimbi linakuwa la kijani, nyuma yake anga ni la giza. Huo ndo mwanga wa dhoruba unaoutafuta, na siku ya bamvua unakuja saa ileile maji yamejaa. Haukai sana, wingu moja likipita jua linafunikwa, dakika kumi nyingine umefunguka tena. Usifungashe vitu kwasababu mvua imeanza, mvua za mchoo ni za kupita, jifunike subiri. Na upinde wa mvua unatokea upande ulio kinyume na jua, jua likiwa chini vya kutosha, mwezi wa saba huku kwetu ni kuanzia kama saa 9 alasiri, yaani unatokea juu ya bahari kabisa. Ukija kununua filta ya polaraizi, ile ya kukata mng'ao, kuwa nayo makini hapo, ukiizungusha vibaya inaufuta upinde wote.

Asubuhi ni habari nyingine. Mwezi wa saba jua linachomoza kwenye saa 12 na nusu na halichomozi mashariki hasa, limesogea kaskazini, wakati mawimbi ya kusi yanakuja kutoka kusini mashariki. Ukisimama unatazama bahari jua liko kushoto, mawimbi yanatoka kulia, kila wimbi linapata mwanga wa ubavuni unaona mikunjo yote. Mwezi wa 12 inageuka, jua linatokea upande wa kulia na upepo ni wa kaskazi.

Kwa kamera: piga RAW (faili ghafi la kamera), na linda weupe. Povu likishaungua limeungua hakuna programu ya kurudisha, kwahiyo angalia histogramu, ule mchoro wa mwanga kwenye kioo cha kamera, isigonge ukuta wa kulia, mi huwa nashusha theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga nusu) nikiona wimbi zito linaumuka. Povu linaloruka nataka shata ya sekunde 1/1000 au kasi zaidi, tundu la lenzi f/5.6 mpaka f/8, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 400 mpaka 800, kupiga mfululizo, anza kubonyeza kabla halijagonga jiwe maana ukisubiri ulione limegonga umeshachelewa. Ukitaka ile mistari ya maji yanaporudi baharini yanachuruzika kwenye mawe, hapo 1/4 mpaka sekunde 1 kwenye tripodi. Filta ya ND, ile nyeusi ya kupunguza mwanga, huna lakini jioni chini ya wingu zito ISO 100 na f/16 unafika nusu sekunde bila filta. Baadae ukipata pesa tafuta ND ya stopu 6, 1/60 inakuwa sekunde 1.

mtoto_wa_shangani

Dada yangu nakubaliana na yote, ila hapo kwenye ND naomba asiende mbali zaidi ya stopu 6. Siku hizi kila picha ya bahari ni sekunde 30, maji yamekuwa ukungu, huwezi kujua kama siku hiyo kusi lilivuma au ilikuwa shwari. Mtu kaomba bahari iliyochafuka, akiweka sekunde 30 anakuwa kaituliza mwenyewe.

picha_na_mwanga

Kwa alichoomba uko sahihi, nusu sekunde inatosha, inaonyesha mwendo na bado unaona maji yana nguvu. Sekunde 30 ina mahali pake pia, nguzo za gati bovu, jiwe moja limebaki peke yake katikati ya maji, ila hiyo ni picha ya ukimya na hajaiomba hapa.

mjomba_wa_msangamkuu

Salaam wanangu. Mimi kamera sijui, najua bahari, nimevua hii tangu kijana. Nawasoma mnazungumza vizuri mambo ya mwanga lakini hakuna aliyemwambia huyu mpwa wetu wa Masasi namna ya kurudi salama.

Mwanangu, ukifika kwenye mawe usishuke hapohapo. Kaa juu, tazama bahari robo saa au zaidi, bila kupiga. Mawimbi hayaji sawasawa, yanakuja madogomadogo mengi mpaka unayazoea, halafu yanakuja matatu manne makubwa yamefuatana. Hayo ndio ya kuyapima. Tazama yale makubwa yamelowesha mpaka wapi, jiwe likiwa limelowa au lina ukijani usisimame juu yake hata kama kwa sasa maji hayafiki. Na bahari usiipe mgongo, wewe na hiyo tripodi yako, unainama kuangalia kioo cha kamera kumbe kubwa linakuja.

La pili, maji yanapojaa tazama nyuma yako, sio mbele tu. Kuna mawe mengi huku unayafikia kwa miguu mikavu maji yakiwa yametoka, baada ya saa mbili kuna mkondo kati yako na nchi kavu. Ndio maana mimi ningekwambia picha zako za karibu na maji zipige yakishajaa yakaanza kurudi, sio yakiwa bado yanapanda. Nguvu bado ipo lakini kila wimbi linakuachia nafasi badala ya kukunyang'anya.

Miamba ya huku ni matumbawe, inakata kama msumeno. Kandambili hapana. Vaa kiatu chenye soli ngumu.

Na kusi ni kusi, kimbunga ni kitu kingine. Kenneth ilipokuja Aprili 2019 ilipiga ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, tarehe 25, huku Mtwara watu tulikuwa tumeshaambiwa tuondoke mabondeni. Wazee wa Lindi walikuwa wanahadithia kile cha 1952 kilichowapiga wao. Mei 2024 Hidaya ikaja. Wakisema kimbunga usije pwani na kamera, hiyo sio bahari ya kutazamwa.

kutoka_masasi

Shikamoo mjomba, na asanteni wote, sikutegemea kupata majibu ya namna hii. Nimeshafungua kalenda ya mwezi na nimemwomba bosi asogeze likizo siku nne iangukie mwezi mpevu.

Nimebakiwa na mambo matatu. Sehemu zenyewe hamjazitaja vizuri. Pili chumvi, kamera hii nimeinunua kwa shida na nasikia bahari inaua kamera. Tatu, kuna mtu kaniambia huko kuna maeneo ukionekana na kamera unakamatwa, ni kweli?

mtoto_wa_shangani

Sehemu. Mikindani, bandarini na Lindi mjini zitoe kwenye hesabu ya mawimbi, hizo ni ghuba zimejificha, na ndo sababu majahazi yalikuwa yanakuja kutia nanga humo tangu zamani za zamani. Kwa wingu zito na mashua zimelala nenda, kwa wimbi hapana. Shangani mawe yako karibu na unafika kwa bodaboda, anzia hapo ujizoeze. Msangamkuu upande wa nje unaotazama bahari kuu ni bora zaidi, unavuka na kivuko. Msimbati ni mbali kidogo na mjini, kule hakuna mawe ya kupasua wimbi, ni mchanga mrefu, lakini wimbi likirudi mchanga unabaki umelowa unashika anga lote, wingu la dhoruba unalipata mara mbili. Kule ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000, kwahiyo kuna kiingilio, lipa uombe risiti.

Na usikae na hizo tatu tu. Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, fuata pwani kutoka Msimbati mpaka Sudi mpaka Mchinga kule Lindi, tafuta rasi inayotazama kusini mashariki ambayo ule mstari mweupe wa mwamba umekaribiana na ufukwe. Mwamba ukiwa mbali wimbi linachoka njiani, ukiwa karibu linafika na nguvu zake. Kilwa Kisiwani pia iko mkoa wa Lindi, Gereza, ile ngome ya zamani, lipo pale kandokando ya maji, ukuta mzee na wingu la mchoo nyuma yake ni picha nzito sana, ila upande ule umetulia na kibali cha kuvuka unachukua Kilwa Masoko.

fundi_kamera_mtwara

Naomba nijibu la chumvi maana ndo zinazoletwa mezani kwangu kila mwaka kipindi cha kusi. Maji yenyewe watu wanayaona wanayakimbia, kinacholeta kamera kwangu ni ule mvuke wa chumvi unaosafiri na upepo, hata ukiwa mita 50 kutoka majini unakaa kwenye lenzi na kwenye mikunjo ya vitufe. Usibadilishe lenzi ufukweni kabisa, amua lenzi moja ukiwa bado ndani. Funika kamera na mfuko wa nailoni, toboa tundu la lenzi uzibe na mpira wa kufungia pesa, inatosha. Kioo cha mbele usikifute kikavu, chumvi ikikauka ina chenga na zinakwaruza, kilowanishe kidogo na maji ya bomba ndo ufute, beba vitambaa vitatu vinne kwasababu cha kwanza kitalowa mapema tu. Weka filta ya UV ya bei ndogo mbele, ikwaruzike yenyewe. Ukirudi lala baadae, kwanza chukua kitambaa kibichi cha maji baridi kikamuliwe vizuri, pitisha mwili wote wa kamera na miguu ya tripodi, halafu kikavu. Hiyo tripodi yako nyepesi ifungue miguu yote uisuuze ndani, mchanga na chumvi vikikaa wiki moja haifungi tena. Na ukiwa kazini usiinue shingo yake ya kati, itundike begi chini iwe nzito, mkanda wa kamera uvue kabisa maana kusi linaupepesha na picha inatikisika.

Kwa simu ni hayohayo, tundu la chaji lizibe.

picha_na_mwanga

La kukamatwa lisikutishe, ila lina ukweli. Usielekeze lenzi bandarini wala kwenye kambi za jeshi, na njia ya kwenda Msimbati unapita Madimba kwenye mtambo wa gesi, hapo kamera ikae kwenye begi. Drone usije nayo kabla hujapata vibali, kuna Mamlaka ya Usafiri wa Anga na kuna Wizara ya Ulinzi, sio kitu cha kuomba ukiwa umeshafika. Ukifika kijijini pita kwa mwenyekiti au ofisi ya mtendaji jitambulishe, inachukua dakika chache na unapata mtu wa kukuonyesha mawe mazuri. Wavuvi wanaovuta chombo kwenye mawimbi ni picha kali kuliko wimbi peke yake, lakini omba kwanza, na usiwaombe wakati wanahangaika na chombo, nenda asubuhi wakiwa wanashona nyavu mzoeane.

Na kama siku moja utataka radi, hiyo ndo ya msimu wa mvua huku kusini, Desemba mpaka Aprili. Mara nyingi mawingu ya mchana yanajijenga nchi kavu nyuma yako na yanakunyima jua, ya baharini yanakuja usiku na alfajiri kwahiyo amka mapema. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo gawa kwa tatu upate kilomita, ikishuka chini ya sekunde 30 ondoka ufukweni, tripodi ya chuma iache.

kutoka_masasi

Dada asante sana, hilo la mwenyekiti sikulifikiria kabisa. Swali la mwisho kwa mjomba, siku ya tatu baada ya mwezi mpevu maji yanajaa kama saa 12 jioni, nikiwa Msangamkuu nitapata kivuko cha kurudi?

mjomba_wa_msangamkuu

Marahaba mwanangu. Usitegemee. Bahari ikichafuka kivuko kinaweza kusimama hata mchana, na wewe unakuja kwa sababu imechafuka. Jioni piga Shangani. Msangamkuu vuka mchana maji yakiwa yametoka, mawe yote utayaona wazi ujue kila moja liko wapi na linashikika vipi, ulale kijijini, alfajiri yakijaa unashuka mahali ambapo umeshapajua. Ukivuka ulizia gatini ninapokaa mimi, mkeo kama unakuja naye tuambie mapema tuandae chumba.